Folda ya venv haihamishwi

Wengi huamini kwamba folda ya venv ya Python (mazingira ya mradi mmoja yenye vifurushi vyake) ukiihamishia kwingine, au ukibadilisha jina la folda ya mradi, itaendelea kufanya kazi. Si kweli. Kwenye Linux na Mac, mstari wa kwanza wa pip (programu ya kusakinisha vifurushi) iliyomo ndani ya folda ya bin ya venv hutaja njia kamili ya folda ya zamani. Njia ikitoweka, pip hugoma. Watu hukimbilia kuifuta Python nzima, na inasikitisha, maana Python yenyewe ni nzima kabisa!

Kabla ya kuhama, endesha `pip freeze > requirements.txt` ili kuorodhesha vifurushi vyako. Huko uendako, tengeneza venv mpya kwa `python3 -m venv venv`, iwashe kwa `source venv/bin/activate`, kisha visakinishe upya kwa `pip install -r requirements.txt`.