Umdhaniaye siye: kubahatisha tabia za wanadojo tusiowahi kuonana

Usiku mmoja wa Ramadhani, kwenye kundi letu la WhatsApp la wanadojo, yaani watu wa kumbi za mazoezi ya karate na judo, ulizuka mchezo. Kila mtu amtaje mwenzake ambaye hajawahi kumwona kwa macho, aseme anavyomdhania: mrefu au mfupi, mpole au mkorofi, kazi yake nini, na akikupiga mtama ukaanguka, atakuinua au atakucheka. Kundini kuna watu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Nairobi na Unguja, wachache walioko Muscat, na mmoja anayeandika usiku wa manane kwa kuwa kwake Toronto ni jioni. Tulicheka mpaka daku. Mimi walinipa urefu wa futi sita, uso mkavu, na utumishi wa jeshi niliostaafu. Mimi ni mfupi, na kazi yangu ni kushona mapazia.

Mwaka uliofuata watu kumi na wawili kati yetu tulikutana kwenye gashuku, ile kambi ya mazoezi ambayo mnalala kwenye mikeka na kuamshwa kabla ya jogoo. Hapo ndipo nilipoanza kuzihesabu dhana zetu. Nyingi zilianguka. Zilizosimama hazikuwa zile nilizozitegemea.

Dhana: anayeandika kwa ukali ni mkali

Hii ndiyo iliyotusumbua kuliko zote. Ndugu yetu wa Nairobi aliwahi kuandika: "Tuma hiyo video ya kata," yaani ule mfululizo wa mapigo unaofanywa peke yako. Basi. Hakuna salamu, hakuna naomba. Sempai wa Tanga, yaani mkubwa wetu wa mazoezi, akanuna siku nne, na wengine tukamweka yule wa Nairobi kwenye daftari la wenye kiburi. Nairobi mtu huingia hotelini akasema "nipe chai", akaletewa chai, na dunia ikaendelea. Tanga ukisema "nipe" mahali pa "naomba" umeshatangaza malezi yako. Angeandika kwa Kifaransa tungemsamehe mara moja kwa ugeni wake. Aliandika Kiswahili, lugha yetu sote, kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kwamba naye ni mgeni.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao, watafiti wa Marekani, walichapisha majaribio ambamo watu walitumiana sentensi kwa baruapepe, nyingine za kweli na nyingine za kejeli. Waandishi walitarajia kwamba wasomaji wangetambua ipi ni ipi kwa asilimia 78 hivi. Wasomaji walipata asilimia 56, yaani walizidi kidogo tu mtu anayerusha shilingi hewani. Sentensi hizohizo ziliposikika kwa sauti, walizitambua vizuri zaidi kwa mbali. Anayeandika huusikia utani wake kichwani kwa sauti yake mwenyewe, akaamini umo ndani ya herufi. Anayesoma hupokea herufi tupu, akazivisha sauti aliyonayo siku hiyo. Chukua neno "haya" peke yake. Linaweza kuwa nimekubali, nimechoka na wewe, endelea na hadithi, au ngoja tu tutaonana.

Kwenye gashuku yule wa Nairobi na sempai wa Tanga walilala mkeka mmoja na kugawana chupa moja ya dawa ya kuchua. Jumbe zao hazijabadilika hata kidogo. Sempai anazisoma sasa kwa sauti ya mtu anayemjua.

Dhana: debe tupu haliachi kuvuma, na simba mwenda pole ndiye mla nyama

Methali mbili, mtego mmoja. Kwa methali hizi tulishahukumu: yule anayeandika jumbe arobaini kwa siku, na video za mateke juu yake, hajui kupigana, na yule ambaye hajaandika chochote tangu aingie ni hatari, tena msimguse. Nadhani vibanda vya video ndivyo vilivyotulea hivyo. Sisi tuliokaa kwenye mabenchi kuangalia filamu za Hong Kong tunajua kwamba steringi hafi, kwamba bosi huongea sana kabla ya kupigwa, na kwamba mzee mwenye ndevu nyeupe anayekunywa chai kimya pembeni ndiye atakayewamaliza wote.

Lakini historia ya ulingo ina wapiga kelele waliokuwa wakweli. Muhammad Ali, wakati huo akiitwa bado Cassius Clay, alimtangazia Sonny Liston, bingwa wa dunia wa ndondi za uzito wa juu, kipigo kwa wiki nzima nzima, kwa mashairi na vituko, hata wengi wakaona ni kijana mwenye hofu anayejitia moyo. Tarehe 25 Februari 1964, pale Miami Beach, Liston alikataa kuinuka kwenye kiti chake kuanza raundi ya saba. Debe lilivuma, na halikuwa tupu.

Ama ukimya, huo ndio hali ya kawaida. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya mitandao, aliandika mwaka 2006 kanuni ya makadirio ambayo bado inatajwa: katika jumuiya ya mtandaoni, watu 90 kati ya 100 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na mmoja ndiye anayeandika karibu kila kitu. Ukimwona kila mkimya ni simba, basi kundi la watu 200 lina simba 180, na hakuna mbuga ya namna hiyo.

Mkimya wetu tuliyemwogopa alikuja gashuku na mkanda mweupe, ule wa anayeanza. Simu alinunuliwa na binti yake, na maandishi ya WhatsApp yanamchosha macho. Mwenye jumbe arobaini naye? Alinipiga mtama mara tatu asubuhi ya kwanza, na kila mara alinishika mkono nisidondokee kichwa. Huku anaongea.

Dhana: mwenye mkanda mweusi ameshashinda hasira zake

Kundini mkanda una uzito wa ajabu. Mtu akiandika ushauri juu ya ndoa, wa kwanza kuungwa mkono ni mwenye dani tatu (dani ni ngazi za mkanda mweusi), kana kwamba mateke na ndoa vinafundishwa darasa moja.

Jigoro Kano aliianzisha judo mwaka 1882 katika hekalu la Eishoji, Tokyo, na mwaka uliofuata akawapa wanafunzi wake wawili wa kwanza daraja la dani. Mkanda mweusi ukafuata baadaye. Rangi nyingi za katikati zilipata nguvu Ulaya katika miaka ya 1920 na 1930. Daraja la kwanza huitwa shodani, na ile "sho" maana yake ni mwanzo. Mwenye nalo amemaliza alifabeti, sasa anaweza kuanza kusoma.

Je, mazoezi yenyewe hupoza moyo? Hapo majibu yanapishana, na kupishana kwake ndiko kunakofundisha. Mwaka 1986 Michael Trulson alichapisha utafiti juu ya vijana 34 wa Marekani wenye historia ya makosa. Waliofundishwa taekwondo ya kimila kwa miezi sita, pamoja na heshima, utulivu na falsafa yake, ukali wao ulipungua. Waliofundishwa mapigo matupu ukali wao uliongezeka. Mwaka 2005 Inger Endresen na Dan Olweus wakachapisha uchunguzi wa wavulana 477 wa Norwe: walioshiriki ndondi, mieleka, kunyanyua vyuma na sanaa za mapigano za mashariki walielekea kuzidi katika tabia mbaya nje ya mazoezi. Vijana 34 ni wachache, nami nisingejenga nyumba juu yao. Hata hivyo kila aliyepita dojo mbili tofauti anajua kwamba mwalimu huacha alama kwa wanafunzi wake. Mkanda wa mtu haukwambii alifundishwa na nani, wala alifundishwa nini zaidi ya mapigo.

Dhana: jina la kubuni na picha ya joka ni za kumfichia mtu

Kwetu kila mtu ana joka, chui, au ngumi inayowaka moto. Tukaamini kwamba mwenye picha ya namna hiyo anaficha udhaifu.

Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule kutoka Okinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, naye alikuwa na jina la kubuni. Mashairi yake aliyatia saini "Shoto", yaani mvumo wa upepo katika misonobari. Wanafunzi wake walipomjengea dojo waliiita Shotokan, nyumba ya Shoto, na leo jina hilo watu wengi hulihusisha na mateke ya nguvu na sauti za "kiai!" zinazoshtua majirani. Chini yake kuna mtu aliyependa kutembea peke yake akisikiliza miti. Jina la kubuni halikumficha Funakoshi. Lilimtoa nje, kwa wale waliouliza maana yake.

Na picha? Mitja Back na wenzake mwaka 2010 walichunguza kurasa za mitandao ya kijamii za watu 236 wa Marekani na Ujerumani, wakalinganisha zilivyosomwa na wageni, tabia halisi ya mwenye ukurasa, na tabia aliyotamani kuwa nayo. Wageni waliikaribia ile halisi kuliko ile ya kutamaniwa. Uchangamfu ulionekana kwa urahisi. Wasiwasi na kuyumba kwa moyo ndivyo vilivyokuwa vigumu kabisa kuvisoma. Nililiona hilo gashuku: wachangamfu wote tulikuwa tumewapatia, joka au bila joka. Tuliyemkosa ni mmoja tuliyemwita mwamba. Usiku kabla ya mtihani wa daraja hakulala, alitembea uwanjani mpaka alfajiri.

Dhana: mtandao humgeuza mwema kuwa mkorofi

Nusu yake ni kweli. John Suler alieleza mwaka 2004 jinsi kutoonana kunavyolegeza breki za watu, lakini alisema hulegeza pande zote: mmoja atatukana, mwingine atasema siri ya ugonjwa wake ambayo ana kwa ana asingeitoa. Baadaye, mwaka 2022, Alexander Bor na Michael Bang Petersen walichapisha utafiti wa Marekani na Denmaki kuhusu ugomvi wa kisiasa, wakakuta kwamba wakali wa mtandaoni kwa kawaida ni wakali na nje yake pia. Mtandao unawapa hadhira tu. Kwetu aliyekuwa mgomvi kundini alibishana na mpishi wa kambi kuhusu wali. Huyo tulimpatia.

Dhana: mtindo ndio mtu

Wa aikido mpole, wa Muay Thai mkorofi, wa kung fu mwanafalsafa, wa judo mvumilivu. Bruce Lee huyo wa mateke na kelele alikuwa bingwa wa cha-cha wa Hong Kong mwaka 1958, na akasoma falsafa chuo kikuu kule Washington. Ungemkuta kwenye ukumbi wa dansi ungesema nini?

Wajapani wenyewe, wenye dojo zao, wana mazoea ya kubashiri tabia kwa kundi la damu, yaliyopata umaarufu mkubwa kwa vitabu vya Masahiko Nomi kuanzia 1971. Kengo Nawata alipochunguza majibu ya watu zaidi ya 10,000 wa Japani na Marekani, katika utafiti wa 2014, hakuona uhusiano wa maana. Ila mtu akiambiwa "damu yako ni A, kwa hiyo u mpangilifu", hukumbuka siku alizopanga na kusahau zilizobaki.

Ndivyo ulivyonoga mchezo wetu wa Ramadhani. Mwaka 1948 Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Yote yalikuwa karatasi moja ileile. Walipoombwa kupima ukweli wake kwa alama tano, wastani ulikuwa 4.26. Nikirudi kusoma jumbe zetu za usiku ule, naona nusu zinasema jambo moja: "Wewe unaonekana mgumu kwa nje, lakini moyo wako laini." Nani atakataa? Hata mimi, askari mstaafu wa mapazia, niliweka moyo mwekundu.

Dhana: mkishashikana ukosi mkekani, umemjua

Hii ndiyo dhana yetu wenyewe ya dojo, na ndiyo ninayoipenda, kwa hiyo nimeiweka mwisho nisije nikaipamba. Kweli, mkono wa mtu unasema mambo. Ukigonga mkeka kuashiria umeshindwa, kuna anayeachia shingo papo hapo na kuna anayeongeza nukta moja. Nukta hiyo sitaisahau, na aliyeiongeza sitacheza naye tena. Lakini nimejua namna anavyoshika shingo tu. Kijana aliyeniachia kwa upole kuliko wote kambini alikopa kwangu shilingi elfu thelathini ya nauli, na sijamsikia tangu hapo. Yule aliyeongeza nukta ndiye aliyetusubiri stendi mpaka basi la mwisho likaondoka, ili asibaki mtu.

Juzi ameingia mpya kundini. Picha yake ni joka jekundu, jina ni herufi mbili na namba. Hajaandika hata salamu, na tayari mtu kauliza: "Huyu si polisi kweli?" Vicheko kumi na moja vikafuata. Cha sita kilikuwa changu.