Upasuaji wa Plastiki Si Jina Jingine la Upasuaji wa Urembo

Upasuaji wa plastiki ni tawi la udaktari linalorekebisha au kujenga upya sehemu ya mwili ambayo umbo lake au kazi yake ina hitilafu, iwe ya kuzaliwa nayo au iliyoletwa na ajali, moto au ugonjwa. Ndani ya tawi hilo umo utanzu mmoja, upasuaji wa urembo, unaobadilisha sehemu ambayo ni nzima lakini mwenyewe hapendezwi nayo.

Maana yenyewe ni hiyo tu. Kilichonifanya niandike ni jinsi jina hili linavyotumika mitaani, mitandaoni na hata kwenye mabenchi ya wagonjwa wanaosubiri kumwona daktari. Msanii akionekana amebadilika umbo, watu husema “kaweka plastiki”. Katika maneno hayo mawili kuna makosa mawili, na la pili linawaumiza watu.

La kwanza ni dogo. Wengi hudhani kwamba daktari huingiza plastiki mwilini. Jina hili limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kufinyanga, na Mjerumani Karl Ferdinand von Graefe alikuwa ameshalitumia katika maandishi yake juu ya kujenga upya pua mwaka 1818, ilhali bakelaiti, plastiki ya kwanza iliyotengenezwa kwa kemikali tupu, ilivumbuliwa na Leo Baekeland mwaka 1907. Silikoni hutumika katika baadhi ya upasuaji, hasa wa matiti, lakini mara nyingi kinachofinyangwa ni mwili wa mgonjwa mwenyewe: ngozi ya paja lake, gegedu la ubavu wake, mafuta ya tumbo lake. Hospitali zetu kadhaa sasa husema “upasuaji rekebishi”, na ningefurahi kama jina hilo lingeenea, kwa sababu linataja kazi inayofanyika.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kazi yote ya tawi hili ni urembo. Historia yake inasema vingine kabisa. Mafundi wa India walijenga upya pua zilizokatwa kwa kutumia ngozi ya paji la uso, na habari zao zilipochapishwa London mwaka 1794 madaktari wa Ulaya walianza kuwaiga. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Harold Gillies aliwahudumia maelfu ya askari waliovunjwa taya na kupasuliwa nyuso kwa risasi na vipande vya mabomu, katika hospitali iliyofunguliwa Sidcup, Uingereza, mwaka 1917. Binamu yake, Archibald McIndoe, alifanya kazi kama hiyo kwa marubani walioungua katika vita vya pili. McIndoe huyo, pamoja na Michael Wood aliyekuwa akifanya kazi Nairobi na Mmarekani Tom Rees, ndio walioanzisha mwaka 1957 huduma ya madaktari wa ndege iliyokuja kuitwa Amref. Wote watatu walikuwa mabingwa wa upasuaji wa plastiki, na walichokuwa wakikiwaza ni wagonjwa wa vijijini Afrika Mashariki waliokuwa mbali na daktari yeyote.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Kwa sababu mama ambaye mwanawe ameungua kwa uji wa moto, akisikia kwamba anapaswa kumpeleka kwa daktari wa plastiki, hudhani kwamba anaelekezwa kwenye anasa ya matajiri. Hurudi nyumbani akijiambia kwamba madhali mtoto amepona, kovu si kitu. Lakini kovu la moto hukaza. Likiwa kiganjani, huvuta vidole mpaka vikajikunja na kushindwa kufunguka, na mtoto anapokua mfupa hurefuka wakati kovu limebaki pale pale. Likiwa shingoni, huvuta kidevu kuelekea kifuani. Mtoto wa namna hiyo anahitaji mkono utakaoshika kalamu na kijiko, na anayeweza kumrudishia mkono huo ni bingwa huyo huyo ambaye jina lake limemtia mama woga. Ni vivyo hivyo kwa mtoto aliyezaliwa na mdomo wazi, ambao wengine huuita mdomo sungura: mdomo huweza kufungwa akiwa na umri wa miezi mitatu hivi, na kaakaa, kama nalo lina mwanya, mara nyingi kati ya miezi 9 na 18, ili aweze kujifunza kusema vizuri. Wapo wanaofikishwa hospitali wakiwa vijana wakubwa, wameshazoea kuficha midomo kwa kiganja, kwa kuwa hakuna aliyewaambia wazazi wao kwamba hiyo ni tiba.

Tofauti hiyo ina uzito hata kwenye malipo. Bima za afya kwa kawaida hazilipii urembo, ilhali urekebishaji huweza kulipiwa kama tiba nyingine. Kwa hiyo mgonjwa amwombe daktari aandike waziwazi ni kazi gani ya mwili iliyoharibika, wala asikubali kuandikiwa “plastiki” tu.

Kwa upande mwingine, wanaotafuta urembo nao wanapotoshwa na kosa hilo hilo, maana wanauchukulia upasuaji kama huduma ya saluni. Kumbe ni upasuaji: kuna kisu, kuna nusu kaputi au ganzi, kuna damu inayoweza kuganda na kidonda kinachoweza kuoza. Kuongeza makalio kwa mafuta ya mwili kumekuwa miongoni mwa upasuaji wa urembo wenye vifo vingi zaidi. Makadirio ya mwaka 2017, yaliyotokana na taarifa za madaktari wenyewe, yalikuwa kifo kimoja katika kila wagonjwa takriban 3,000. Sababu yake inajulikana: mafuta yakichomwa ndani ya msuli, huweza kuingia kwenye mishipa mikubwa ya damu na kusafiri hadi moyoni na kwenye mapafu. Silikoni ya majimaji inayochomwa kwa sindano ni hatari zaidi, na hakuna daktari mwaminifu atakayeipendekeza kwa kuongeza makalio.

Basi anayekusudia kumwona bingwa, kwa haja yoyote ile, ahakikishe kwanza kwamba huyo ni bingwa kweli, kwa kuuliza usajili wake katika Baraza la Madaktari Tanganyika kama yuko Tanzania Bara, au baraza la madaktari la Kenya kama yuko huko. Daktari mzuri haudhiki kuulizwa alisomea wapi upasuaji rekebishi na ameshafanya mara ngapi upasuaji unaokusudiwa. Mgonjwa naye asifiche kitu. Kama anavuta sigara, aseme, kwa kuwa nikotini hubana mishipa midogo ya damu na ngozi iliyohamishwa huweza kufa kwa kukosa damu. Wengi hutakiwa kuacha angalau wiki 4 kabla. Aspirini, dawa za kuyeyusha damu na dawa za mitishamba zitajwe zote. Ikiwa yeye au ndugu zake wana makovu yanayovimba na kupita mpaka wa jeraha, ayaonyeshe, hata kama ni la kutobolewa sikio, kwa kuwa keloidi huwapata zaidi watu wa ngozi nyeusi na huweza kubadilisha uamuzi wote wa daktari.

Aulize pia ngozi itatoka wapi. Inapobanduliwa pajani, daktari huchukua utando mwembamba, akaulaza juu ya kidonda na kuukandamiza kwa bandeji; siku za mwanzo utando huo huishi kwa unyevu wa kidonda, mpaka mishipa mipya ya damu iingie, na ndiyo maana bandeji ya kwanza mara nyingi haifunguliwi kabla ya siku ya tano hivi. Asiyeelezwa hayo huona amesahauliwa wodini. Wengi pia hushangaa paja likiuma kuliko kidonda chenyewe, na kwa mtoto anayekua, ngozi iliyopandikizwa huweza kukaza tena na kuhitaji upasuaji mwingine baada ya miaka kadhaa.

Limebaki jambo moja ambalo husemwa hata na wanaolielewa tawi hili vizuri, kwamba wanakwenda “kuondolewa kovu”. Bingwa hawezi kuondoa kovu. Kila anapokata, anaacha kovu jingine. Anachoweza ni kulifanya liwe jembamba zaidi, kuligeuza lifuate mikunjo ya ngozi, au kulikata kwa umbo la herufi Z ili lirefuke na kuachia kiungo kilichovutwa. Kwa hiyo ukifika mbele yake, mwambie kovu lako linakuzuia kufanya nini, au ni kitu gani kinakusumbua unapolitazama, kisha umuulize kovu jipya litapita wapi.