Shingo, sikio na futi ya fundi

Nenda Memorial, soko la mitumba hapa Moshi, siku mabelo mapya yanapofunguliwa. Utamkuta kijana kaokota jinzi, kafunga kifungo chake, kaizungusha shingoni. Ncha zikikutana kisogoni, anaanza kupatana bei. Mimi ni fundi cherehani, na suruali nyingi zilizonunuliwa hivyo huishia mezani kwangu zikitaka kubanwa au kuongezwa kiuno.

"Shingo haidanganyi," vijana hao huniambia. Hesabu yenyewe ina mantiki: suruali iliyofungwa na kulazwa ni nusu ya kiuno, kwa hiyo anayeipima shingoni anasema kiuno chake ni shingo mara mbili. Kwa kijana mwembamba inakaribia kweli. Kitambi kikianza, kiuno hukimbia na shingo ikabaki nyuma. Shingo yangu ni sentimita 39, kwa hiyo kwa hesabu ya Memorial kiuno ni 78. Futi inasema 94. Mke wangu nimemwambia futi imechakaa.

Dhana iliyoniuma zaidi ni ile ya sikio, kwamba mtoto akiligusa basi amefikisha miaka saba. Rika langu wanaikumbuka: siku ya kuandikishwa darasa la kwanza unapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa ushike sikio la kushoto. Nilivuta mpaka shingo ikapinda, vidole vikaishia kwenye nywele, nikarudishwa nyumbani. Mama alikuwa na kadi yangu ya kliniki mkononi; mwalimu hakuitazama. Mtoto wa jirani, mdogo kwangu kwa miezi kadhaa, alipokelewa.

Kilichopimwa pale ni uwiano wa mkono na kichwa. Umri haukupimwa. Mtoto hazaliwi akiwa mtu mzima aliyepunguzwa: kichwa cha kichanga ni kama robo ya urefu wake wote, cha mtu mzima ni sehemu moja kati ya saba au nane. Chukua futi uone. Kichanga ana urefu wa takriban sentimita 50, na mzunguko wa kichwa kama 35. Mtu mzima wa sentimita 170 kichwa chake huzunguka 56 hivi. Urefu umeongezeka zaidi ya mara tatu, kichwa hata mara mbili hakijafika. Katikati ya safari hiyo mkono hukipita kichwa, na kwa watoto wengi hutokea wakikaribia umri wa kwenda shule. Aliyekosa lishe, au aliyetoka ukoo wa wafupi, anaweza kuchelewa. Pasipo cheti wala kadi, lilikuwa kadirio la maana. Kadi ikiwapo, sikio la nini?

Kuhusu pima, yaani mikono iliyonyooshwa pande zote mbili, watu husema ni sawa na urefu wa mtu. Wazee walipima nguo kwa mwili: shubiri mbili mkono mmoja (kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati), mikono minne ya namna hiyo pima moja. Jaribu ukutani, utaona inakaribia. Urefu nao hukaribia pima, ila Waafrika wengi pima yao huzidi urefu kwa sentimita kadhaa. Kwa bibi na babu pengo ni kubwa zaidi, maana uti wa mgongo hufupika na uzee, mifupa ya mikono haifupiki. Ndiyo maana mgonjwa asiyeweza kusimama hukadiriwa urefu kwa kupimwa mikono.

Ule mchoro wa Leonardo da Vinci wa mtu ndani ya duara na mraba, wa mwaka 1490 hivi, ulifuata vipimo vya Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, na kichwa chake ni sehemu ya nane ya urefu. Huyo ni mtu wa kufikirika. Mlangoni kwangu hajawahi kuja.

Wanaokuja ni akina mama wa sare, mwezi Januari: "Fundi, shona kubwa, atakua nayo." Wanataka kila upande uongezwe sawasawa. Lakini kabla ya balehe miguu hurefuka haraka kuliko kiwiliwili. Kiunoni namwachia inchi moja ndani ya mshono, na miguuni pindo la inchi tatu.