Crown Vic haifi? Haya, nionyeshe saa zake

Jumamosi iliyopita kijana kaniletea Ford Crown Victoria ya 2008, nyeupe, ile ya polisi, tundu la ile taa kubwa ya pembeni bado lipo kwenye nguzo ya mlango limezibwa na kizibo cha mpira. Shikamoo fundi, marahaba, na kabla hata hajazima gari ananiambia "fundi hii ina maili 98,000 tu, na si unajua Crown Vic haifi". Huyo ni wa nne toka mwaka uanze. Wote wamenunua mnadani, wote wamesoma odomita, ile mita ya maili, hakuna hata mmoja aliyesoma saa ambazo injini imeunguruma.

Mimi si adui wa hizi gari jamani. Nazitengeneza hapa Ohio miaka mingi na ninayoendesha mwenyewe ni Grand Marquis, ambayo ni gari ile ile imevalishwa suti. Bodi imekaa juu ya chesisi kama lori, injini V8 ya lita 4.6 ya taimingi cheni sio mkanda, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, ukifungua boneti mikono yote miwili inaingia. Spea zimejaa kwa sababu polisi na teksi za nchi nzima walikuwa wanatumia hii hii. Kunywa mafuta inakunywa, namba za serikali kwa ile ya 2011 ni maili 16 kwa galoni mjini na 24 haiwei, kama hiyo inakuumiza chukua Corolla tuishie hapo.

Sasa turudi kwenye saa maana hapa ndipo watu wanaponichosha. Gari ya polisi haiishi kwa kutembea, inaishi kwa kusimama. Askari anapaki pembeni ya barabara, anaandika ripoti, anawasha hita wakati wa baridi na AC wakati wa joto, redio na taa zinakula umeme, na muda wote huo injini iko sailensa, yaani inaunguruma gari limesimama. Odomita imelala, injini haijalala. Presha ya oili iko chini, hakuna upepo wa kupoza zaidi ya feni, na mafuta kidogo kidogo yanashuka kwenye oili. Ndiyo maana Ford wenyewe walikuwa wanawaambia watu wa polisi kwamba saa moja ya sailensa wahesabu kama maili 33. Na za polisi kuanzia 2006 zina mita ya saa za injini humo humo kwenye odomita, unabonyeza kitufe cha tripu mpaka zitokee.

Nikambonyezea kijana. Saa 9,000 na kidogo. Nikachukua kalamu: tuseme ilipokuwa inatembea ilikuwa inatembea wastani wa maili 30 kwa saa, basi maili 98,000 ni kama saa 3,300 za barabarani, zinabaki 5,700 za kusimama, zidisha kwa 33 unapata maili 188,100, jumlisha na zile za odomita umefika 286,100. Akanyamaza. Hiyo ndiyo injini aliyonunua, sio ya maili 98,000.

Ila na mimi niseme ukweli, ile 30 ni makadirio yangu, ukiweka 20 jibu linashuka, na hiyo 33 siichukulii kama msahafu. Nimeshafungua injini zenye saa nyingi kuliko hiyo ukitoa kava la valvu ndani kusafi kama jana, kwa sababu ile idara ilikuwa inabadilisha oili kwa kuhesabu saa. Na nimefungua ya mzee mmoja yenye maili 70,000, tope tupu. Kwa hiyo saa hazikuambii gari ni mbovu, zinakuambia umri wake, afya yake utaijua kwa daftari la sevisi, na gari za mnadani mara nyingi hazina daftari.

Na hilo neno "haifi". Za kati ya 1996 na 2001 nyingi zina inteki manifoldi, ile njia ya kuingizia hewa kwenye injini, ya plastiki tupu, maji ya rejeta yanapita humo humo kwa mbele, plastiki inachoka inapasuka karibu na alteneta, unaona maji chini, mtu anasema Crown Vic haifi anaendelea kuendesha, inachemsha, hedi zinapinda, imekufa. Dawa ni kuweka ile manifoldi yenye kipande cha mbele cha aluminiamu, usikubali plastiki nyingine. Plagi nazo, hedi za zamani zina nyuzi chache za kushikia plagi, siku moja inaruka kama risasi na koili yake. Nikifunga nafunga kwa kipimo, injini ikiwa ya baridi, na bado moyoni sina uhakika asilimia mia. Za 2003 hadi 2005 angalia moduli ya taa, risasi za kulehemu nyaya za ndani zinaachia na taa za mbele zinazimika usiku ukiwa njiani. Shafti ya stelingi ya 2005 hadi 2011 inashika kutu huku kwetu kwenye chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani, Ford waliziita zirudi kutengenezwa mwaka 2013, hakikisha yako ilienda.

Gia boksi ndipo ninapopata shida kweli. Ikija gari ambayo oili ya gia haijawahi kuguswa, nyeusi inanuka kuungua, vitabu vinasema weka Mercon V mpya, ile oili ya gia ya Ford. Nimebadilisha zikapona, na nimebadilisha mbili zikaanza kuteleza wiki ile ile. Siku hizi namwambia mwenye gari yote mawili, anaamua yeye.

Ukiniuliza ununue ipi nitakwambia tafuta Grand Marquis ya mzee aliyekuwa anaenda nayo kanisani na dukani, chungulia chini kwenye chesisi kama kutu haijala, halafu tenga hela ya mipira yote na boljointi kabla hujaanza kununua rimu. Na kumbuka Crown Vic mpya kuliko zote ilitoka kiwandani St. Thomas, Ontario, Kanada, Septemba 2011, mpira wa mwaka huo ni mzee.

Ya kijana hatukuitupa. Tumemwaga oili, tumeweka 5W-20 na filta, presha kwenye geji yangu ilikuwa nzuri kuliko nilivyotegemea, bushi za mbele zimekwisha zote. Nimembandikia karatasi kwenye dashibodi nimeandika saa, sio maili: 9,150 arudi.