Mwandiko wa kubuni na ile M ya "mbaya"

Ukimwambia mtu unabuni lugha, atakuuliza kwanza kuhusu maneno. Mimi utamu wangu uko kwenye herufi. Tukiwa bweni Kakamega, prepu ya jioni ilikuwa ya kujaza kurasa za nyuma za madaftari kwa miandiko ambayo hakuna aliyeisoma ila mimi na rafiki mmoja. Kisha kazi ya kuchora fonti hapa Kisumu ikanimeza. Mwaka huu uraibu umenirudia, na sasa nauangalia kwa jicho la fundi.

Zamenhof, daktari wa macho, alipotoa Kiesperanto, lugha yake ya kubuni, mwaka 1887 hakubuni mwandiko. Alichukua herufi za Kilatini, sita kati yake akazivisha alama juu, na kwa kuwa si kila mtambo wa kuchapa ulikuwa nazo, akaruhusu h ifuate herufi badala ya alama, isipokuwa kwa ŭ iliyobaki u tu. Wanaonisisimua zaidi ni ndugu wawili wa Guinea, Ibrahima na Abdoulaye Barry. Walibuni Adlam kwa ajili ya Kifulani mwishoni mwa miaka ya 1980 wakiwa wavulana tu, na mwaka 2016 ikaingia kwenye Unikodi, orodha ya kimataifa ya herufi ambazo kompyuta na simu huzitambua. Bila hatua hiyo simu haikutambui, hata ukiwa na wasomaji wengi namna gani.

Hapa kwetu kazi ipo tele. Kiluo kina irabu tisa lakini tahajia yake huziandika kwa herufi tano, msomaji akajaze mwenyewe.

Mimi nahangaika na Kiswahili. Katika mwandiko wangu kila konsonanti hubeba "a" bila kuandikwa, na mkia chini huibadilisha kuwa irabu nyingine. "Baba" ni alama mbili, basi. Kasheshe ni m na n. Tamka polepole "mtu mbaya", halafu "nyumba mbaya". Kwa mtu, m ni silabi kamili: m-ba-ya. Kwa nyumba imeegemea b: mba-ya. Kilatini hakijali. Kwangu ya kwanza ni alama tatu, ya pili ni mbili na nukta juu ya b.

Nukta hiyo inapendeza kwenye skrini, ila ukiandika haraka kwa biro inapotea. Nimeigeuza kindoano kinachoungana na herufi, mkono usinyanyuke. Ng' ya "ng'ombe" haihitaji kindoano. Ni sauti moja, nayo nimeipa herufi yake, ambayo kwa sasa inafanana mno na ya k.