Cheti cha kuzaliwa hakitoshi kumlinda mzazi wa pili

Wanandoa wengi wa jinsia moja nchini Marekani huamini kwamba wakishaoana, na majina yao yote mawili yakaandikwa kwenye cheti cha mtoto, kazi imekwisha. Haijaisha.

Ni kweli, Mahakama ya Juu ilihalalisha ndoa hizi nchi nzima mwaka 2015. Mwaka 2017, katika kesi iliyotoka Arkansas, ikaamua kwamba mke wa mama aliyejifungua aandikwe kwenye cheti kama anavyoandikwa mume. Lakini cheti ni kumbukumbu ya ofisi ya usajili, si hukumu. Kinaweza kupingwa, hasa wenzi wakiachana, au mchangiaji wa mbegu akijitokeza kudai ubaba. Hatari huzidi pale mbegu zinapopandikizwa nyumbani, kwa sababu baadhi ya majimbo humwondolea mchangiaji ubaba iwapo tu daktari alihusika.

Kinga ya uhakika ni mzazi asiyejifungua kumwasili mtoto, yaani kupata amri ya mahakama inayomfanya mzazi wake kisheria. Inauma kuambiwa umwasili mwanao uliyemsubiri miezi tisa, na kwa kweli ni dhuluma. Fanyeni hata hivyo. Amri hiyo hufuata familia jimbo hadi jimbo. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi wa mahakama ya Alabama iliyokataa kuitambua amri ya Georgia. Kwa kawaida mtatakiwa kuwa na cheti cha ndoa, cha kuzaliwa na ridhaa ya maandishi ya mama mzazi. Kwingine afisa ustawi wa jamii huja kukagua nyumba. Ombeni nakala kadhaa zenye muhuri, na mkisafiri na mtoto bebeni moja.