Kwinini ya Bukavu: Pharmakina na waliowahi kuimiliki

Mgonjwa husoma jina la kampuni kwenye boksi la dawa. Mimi ni mfamasia, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kupekua makaratasi ya dawa, kwa hiyo kwanza natafuta kiambato hai, yaani kemikali yenyewe inayotibu, kimetoka wapi. Mwenye jina kwenye boksi mara nyingi amechanganya unga wa mwenzake na kuukandamiza kuwa vidonge, basi. Ukifuatilia kwinini kwa njia hiyo, moja ya njia zake inaishia Bukavu, mashariki mwa Kongo, kando ya Ziwa Kivu, kwenye kiwanda cha Pharmakina.

Historia yake haieleweki bila Java. Mwaka 1865 Mwingereza Charles Ledger alipata mbegu za sinkona, mti ambao gome lake hutoa kwinini, kutoka Bolivia kupitia mtumishi wake, Manuel Incra Mamani. Waholanzi wakazinunua, wakazipanda Java, na kufikia miaka ya 1930 kisiwa hicho kilikuwa kinatoa zaidi ya asilimia 90 ya magome ya dunia. Mwaka 1942 Wajapani wakakiteka. Ghafla kila mwenye askari katika nchi za malaria akawa anatafuta miti mahali pengine, na miinuko ya Kivu, yenye baridi, mvua na udongo wa volkano, ikapanda thamani.

Huko shambani kazi ni ya mikono. Mti unaachwa ukue miaka saba, nane, hata zaidi, ndipo unakatwa na gome lake kubanduliwa kwa kugongwagongwa na rungu, kisha linakaushwa. Kiwandani linasagwa, linachanganywa na chokaa ili alkaloidi (kemikali za mmea, kwinini ikiwemo) ziachie, zinavutwa kwa kimiminika cha mafuta, halafu asidi ya salfuriki inazirudisha kwenye maji. Yakipoa, fuwele nyeupe za kwinini salfeti zinajitenga. Kemia yenyewe si ngumu. Kigumu ni kuwa na miti iliyokomaa siku unapoihitaji.

Pharmakina ilikuwa chini ya Boehringer Mannheim ya Ujerumani. Mwaka 1997 Roche ya Uswisi ikatangaza kuinunua Boehringer kwa takriban dola bilioni 11, ikiwa na shauku na vifaa vyake vya uchunguzi wa maabara. Kwa mnunuzi wa namna hiyo, mashamba ya magome katika Kongo yenye vita ni mzigo tu. Mwaka 1999 mameneja wawili wa hapohapo, Horst Gebbers na Etienne Erny, wakakichukua kiwanda, huku Bukavu ikiwa mikononi mwa waasi wa RCD, kundi lililopigana na serikali ya Kinshasa.

Wengi husimulia hilo kama ushujaa. Sikatai, lakini mimi naona pia hesabu. Mitambo inaweza kuhamishwa. Shamba la miti iliyokwisha kukomaa halihamishiki, na anayeanza upya kwingine atangoja karibu muongo mzima kabla ya kubandua gome la kwanza.

Mwaka 2005 wakafanya jambo lisilotarajiwa: wakaanza kutengeneza vidonge vya kufubaza virusi vya UKIMWI, Afri-Vir, kwa msaada wa kitaalamu kutoka Ujerumani. Nchi maskini zaidi zilikuwa zimeruhusiwa kutozingatia hataza za dawa hadi 2016, na Kongo ni mojawapo. Ila kiambato hai cha dawa hiyo hakioti Kivu. Kiwanda kilichozoea kuwauzia wengine unga sasa kikawa kinanunua unga wa wengine.

Kilichoiumiza kwinini, kwa maoni yangu, kuliko vita ni utafiti wa AQUAMAT wa mwaka 2010, uliofanywa kwa watoto wa Afrika. Waliougua malaria kali na kupewa sindano ya artesunate, dawa nyingine ya malaria, walikufa kwa kiwango cha chini kwa asilimia 22.5 kuliko waliopewa kwinini. Mwaka 2011 WHO ikaiweka artesunate mbele kwa malaria kali ya watoto pia. Kwinini ikabaki na wajawazito wa miezi mitatu ya kwanza, na mwaka 2022 hata hapo WHO ikapendekeza vidonge vya mseto vya artemether-lumefantrine. Kama umewahi kuimeza, masikio yakavuma siku nzima, huenda hukusikitika.

Soko lingine la kwinini ni vinywaji vya toniki, na hapo hesabu inabadilika kabisa. Marekani inaruhusu kwinini isiyozidi sehemu 83 kwa milioni, yaani takriban miligramu 83 kwa lita. Dozi ya kwinini ya kutibu malaria kwa mtu mzima ni miligramu 600 mara tatu kwa siku, kwa siku saba, jumla gramu 12.6. Mgonjwa mmoja wa zamani alimeza kwinini ya kutosha lita 150 hivi za toniki.